Peni Isiyo na Tundu

Kila aliyemjia Jumwa alimjia na mkono uliofumbwa. Akifika mezani huufumbua, na kiganjani huwa mna sarafu iliyolowa jasho, na juu ya sarafu hiyo mwenyewe ameshajenga nyumba ya mawe, ameshanunua ng'ombe na ameshamlipia mwanawe shule. Jumwa huitazama, huigeuza, huigonga ukingoni kwa ukucha na kuisikiliza, kisha huibomoa nyumba ya watu kwa neno moja: "Hapana." Hakuna apendaye kubomolewa. Huondoka wamenuna, na hawarudi hata kumwuliza ameamkaje.

Kwao ni upande wa Kinango, kwa Waduruma. Alishuka Ukunda baada ya mumewe kuoa mke wa pili na kumwambia achague, kukaa au kwenda. Jumwa alichagua mbuzi, akawaswaga alfajiri na kuwauza njiani kabla mume hajabadili nia. Kwa fedha zile akaanza kuuza shanga na vikuku mbele ya mageti ya mahoteli, huko Diani. Siku moja mgeni wa Kizungu aliushika mkufu, akaziacha shanga zote, akang'ang'ania peni moja kuukuu iliyoning'inia katikati. Jumwa hakumwuliza anaitakia nini. Mtu akikuonyesha kiu yake, humuulizi, unampimia maji. Alimtajia bei mara tatu ya mkufu mzima, na mgeni akalipa. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kuuza shanga.

Mengine alijifunza kwa kuibiwa, ambayo ni shule isiyo na likizo. Sonara mmoja mzee wa Ukunda, Abdulrahim, alimwonea huruma baada ya kumwona amenunua takataka mara nyingi mno, akampa kioo cha kukuzia kilichokatika mpini na kumfundisha kusikiliza mlio. Sarafu nzima hulia ikakawia. Iliyochezewa hulia ikakatika, kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya wimbo.

"Sarafu ni kama mtu," Jumwa alikuwa akiwaambia waliomnunia, zamani, alipokuwa bado na subira ya kueleza. "Kuna azaliwaye na vidole sita, na kuna akatwaye kidole na panga. Wote mikono yao si ya kawaida, lakini mmoja alitoka hivyo tumboni, mwingine alikutana na dunia."

Wakusanyaji wa sarafu hutoa fedha nyingi kwa kilema cha tumboni: ile iliyotoka mtamboni picha imekaa upande, au iliyogongwa mara mbili, au peni iliyotoka bila tundu. Maana peni, senti kumi ya shaba ya enzi za Mwingereza, huwa na tundu katikati. Kovu la dunia halina mnunuzi. Na pwani hii imezitia sarafu makovu ya kila namna. Zilitobolewa zikafungwa viunoni mwa watoto kuwakinga na kijicho. Zilipigiliwa juu ya mapaa ziwe washa za misumari ya mabati. Zilisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka taji la mfalme likafutika. Kisha wenyewe wakamletea Jumwa, wakaapa kwamba zilitoka Ulaya vivyo hivyo.

Hata za juzijuzi zililetwa. Dereva mmoja wa tuktuk, kijana wa bara, aliegesha mbele ya meza yake na kumwekea shilingi ishirini iliyobaki duara tupu kama pete.

"Mathe, cheki hii. Kati imetoka."

"Imetoka kwa nyundo."

"Zi, niliipata tu hivyo. Kwa simu wanasema hii ni error, inaenda laki."

"Basi mwambie huyo wa kwenye simu aje ainunue."

"Si uiangalie poa kwanza, Mathe?"

"Nimeitazama. Ukingo wa ndani umelala upande mmoja. Mtambo hausukumi upande mmoja. Na nyundo yenyewe ile pale, chini ya kiti chako."

Kijana alicheka mpaka akashika usukani. "Sasa hii nifanye nini nayo?"

"Ni chuma. Fungia nati."

Akawasha tuktuk na kuondoka na kicheko chake. Jumwa alikunja kitambaa cha meza, akarudi chumbani kwake nyuma ya stendi, akasonga ugali wa mtu mmoja, ambao ni mgumu kuusonga kuliko wa watu kumi, maana sufuria hazitengenezwi ndogo kiasi hicho. Bintiye Kadzo ameolewa Taru na hupiga simu sikukuu. Majirani wa ploti walimsalimia vizuri. Walikuwa wameshamletea sarafu zao, wote, mlango kwa mlango, na wameshajibiwa.

Palikuwa na nyumba moja tu ambamo hapana aliyemfumbia mkono. Nayo ilikuwa Msambweni, kwa Twaiba.

Alipofika pale mara ya kwanza, Jumwa alikuwa akizunguka kununua sarafu nyumba hadi nyumba, na jua limemkausha ulimi. Mama mmoja mnene mwenye leso begani alimtazama kutoka uani na kumwambia, kabla hajafungua kinywa: "Peni sina. Lakini nazi ninazo, na bega linaniuma. Maji yako mtungini. Ukishakunywa, kaa hapo kwenye mbuzi." Jumwa akanywa, akakaa, akakuna nazi. Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa Msambweni, na mlango wa mbele hakuujua. Huku pwani mgeni hukaribishwa sebuleni, akapewa kiti. Mtu wa nyumbani hupita kichochoroni hadi uani, hupiga hodi akiwa ameshaingia, na hupewa kazi. Jumwa alikuwa mtu wa uani.

"We Jumwa, unakuna nazi kama unayeigombeza," Twaiba alikuwa akimwambia.

"Yako ngumu, dada. Hii nazi au jiwe la kusagia?"

"Mduruma ulijulia wapi nazi? Kwenu ni vumbi na mbuzi."

"Mbuzi tumewajua tangu utotoni. Huyu wenu tu ndiye hana maziwa."

Basi watacheka, watapika muhogo, watawasema waliokuwapo na wasiokuwapo. Mvua ikinyesha walisogea ukumbini na kuendelea, kwa sababu mvua juu ya makuti haina kelele. Inanong'ona, na watu hunong'ona juu yake.

Lakini makuti huzeeka. Masika yalipoingia mwaka ule, paa la Twaiba lilianza kuvuja juu ya kitanda, kisha juu ya jiko, kisha ikawa kutafuta pasipovuja. Ndipo bintiye Hafsa, aliyefanya kazi ya kutandika vyumba katika hoteli moja ya Diani, alipokuja na simu na kumwonyesha mamake watu wakisema kwamba peni isiyo na tundu ni mali.

Jumamosi hiyo Twaiba aliacha kukamua tui, akaingia ndani, na aliporudi mkono wake ulikuwa umefumbwa. Jumwa alipouona ule mkono, aliiweka nazi chini.

"Niliapa sitakuonyesha," Twaiba alisema. "Naijua kazi yako, na sikutaka uifanyie hapa. Lakini paa limekwisha. Hii alinipa baba yangu Alamin, siku ya harusi yangu. Alikuwa fundi katika karakana ya kiwanda cha sukari cha zamani, Ramisi. Aliniambia, 'Hii haina mwenzake, itunze.' Nimeitunza. Sasa nataka uniambie ni kitu gani."

Ilikuwa peni, na katikati palikuwa pamejaa shaba. Jumwa akaipitisha ukucha. Ukucha haukukwama. Akaigeuza kwenye mwanga. Rangi ilikuwa moja. Kwa kitambo alidhani ameiona, ile aliyoisikia kwa wakusanyaji na hajapata kuigusa. Akaigonga ukingoni. Mlio ulianza vizuri, kisha ukakatika.

Akatoa kioo. Pale palipokuwa na tundu, uliuzunguka mstari mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Ndani ya mstari kulikuwa na mikwaruzo ya tupa, yote ikielekea upande mmoja. Peni iliyozaliwa bila tundu, shaba yake ni mwili mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Hii ilikuwa imezaliwa na tundu kama wenzake, ikatumika, ikachakaa, kisha mtu mwenye mkono wa ajabu akaizibua uchafu na kuiziba. Hajawahi kuona uzibaji kama ule. Lakini uzibaji ni kovu, hata ukiwa mzuri.

Aliinua macho. Twaiba alikuwa amesimama juu yake, viganja vyeupe kwa tui la nazi.

Biashara ni kupima hasara mbili na kuichukua iliyo ndogo. Jumwa alizipima. Upande mmoja lilikuwapo lile neno lake moja, ambalo kila aliyeambiwa hakurudi. Upande wa pili, fedha. Fedha alikuwa nazo, na hazikuwa na mtu wa kuzila.

"Ni ya tumboni," alisema.

"Wallahi?"

"Imezaliwa hivyo, dada."

Twaiba alikaa chini polepole, kama aliyeshushiwa mzigo. "Basi nitafutie mnunuzi. Usinipunje."

"Mnunuzi ni mimi."

Hapo Jumwa akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu aanze kununua sarafu: akataja bei yeye wa kwanza, na akaitaja kubwa. Ilikuwa bei ya mabati ya nyumba nzima na fundi wake. Twaiba hakudai hata nyongeza. Alimshika Jumwa mkono kwa mikono yake miwili yenye tui, na Jumwa akaona kwamba amenunua rahisi.

Mabati yalipanda kabla ya Jumamosi mbili kupita. Yaling'aa hata mtu aliyetoka Ramisi aliweza kuyaona akiwa barabarani, na anayeyaona huuliza. Twaiba si mtu wa kuficha neema ya Mungu. Kila aliyeuliza alijibiwa. Ndipo balaa lilipoanza.

Walimjia. Msambweni yote ilipanda Ukunda na mikono iliyofumbwa. Peni ambazo zimekuwa zikining'inia viunoni na makabatini tangu ukoloni zilikuwa zimezibwa usiku kucha: nyingine kwa lehemu ya fundi redio, nyingine kwa ile gundi ya kuzibia magari yaliyobonyea, na bwana mmoja wa Jego aliiziba yake kwa nta na kuipaka rangi ya kucha ya mkewe. Jumwa aliitoboa kwa njiti ya kiberiti mbele yake.

"Hapana."

"Mbona ya Twaiba uliichukua?"

"Ya Twaiba ilizaliwa hivyo."

"Na hii nayo imezaliwa hivyo. Tundu hilo umelitoboa wewe kwa njiti."

Aliwajibu wote, na kila alipolirudia lile neno, kwamba ya Twaiba ilizaliwa hivyo, lilitoka kwa shida zaidi. Peni yenyewe aliifunga katika kitambaa, akaiweka kifuani. Kuiuza hakuweza. Mkusanyaji yeyote mwenye kioo angeiona, na jina lake Jumwa, ambalo ndilo duka lake, lingefungwa siku hiyo hiyo.

Jumamosi iliyofuata yuko kwenye mbuzi uani kwa Twaiba, kakamata kifuu cha pili, mara jirani Mwanapili akapita kichochoroni kwa mkongojo wake. Bi Mwanapili alikuwa amewazidi wote wawili kwa umri. Waliacha kazi wakamwamkia.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba. Nasikia Mduruma wetu siku hizi analipa." Akajitupa mkekani, akafungua pindo la leso, akaweka peni juu ya mkeka. "Na mimi nilipe. Nitapata hata kitanda kipya nikafie."

Jumwa aliijua kabla hajaishika. Ukucha haukukwama sana, rangi ilikaribiana. Akaigonga, mlio ukakatika. Alifikiri kuinunua. Angeweza. Lakini ya pili ingeleta ya tatu, na ya tatu ya nne.

"Hii imezibwa, Bi," alisema taratibu.

Alingoja mtu anune. Mwanapili akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Si najua imezibwa! Aliyeiziba ni marehemu baba. Walizibishwa wote pale Ramisi. Nyapara wa karakana alikuwa akiwapa wanagenzi kila mmoja peni, na kipande cha shaba, na tupa. Chonga kizibo, kitie tunduni, mpaka nyapara apitishe ukucha asikute kitu. Atakayeshindwa anarudi shambani kukata miwa. Atakayefaulu anakuwa fundi, na peni yake anaichukua." Akamgeukia Twaiba. "Babako hakukwambia? Baba yangu alimsema Alamin mpaka siku ya kufa kwake. Alisema, 'Sote tuliziba, lakini ya Alamin haina mwenzake.'"

Twaiba alikuwa akipepeta mchele. Aliuweka ungo chini.

"Jumwa. Iko wapi ile?"

Jumwa angeweza kusema ameiuza Mombasa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Miaka yote ya kubishana bei humfanya mtu awe na neno tayari. Lakini mkono ulikuwa umeshaingia kifuani. Akafungua kitambaa, akaiweka ukingoni mwa ungo, karibu na ile nyingine.

"Hujaiuza."

"Sijaiuza."

"Nipe hicho kioo. Nionyeshe."

Jumwa alimwonyesha mstari. Twaiba aliutafuta muda mrefu, jicho moja limefumbwa, mdomo wazi kidogo. Alipouona, alitulia juu yake.

"Siku ile uliuona?"

"Niliuona."

"Ukanunua."

"Nikanunua."

"Kwa nini?"

"Paa lilikuwa limekwisha, dada," alisema. Hiyo ilikuwa nusu. Nusu nyingine hakuwa na bei yake.

"Mabati ningekuomba," Twaiba alisema. Sauti haikupanda. "Mdomo ninao, na aibu kwako sikuwa nayo. Sikukuomba mabati. Nilikuomba uniambie hiki ni kitu gani. Kazi ya mikono ya babangu imekaa sandukuni mwangu maisha yangu yote, nikidhani ni kosa la Wazungu. Mtu wa kunijulisha alikuwa wewe. Kila mtu unamwambia, Jumwa. Kila mwenye nyundo chini ya kiti unamwambia."

Mwanapili, aliyekuwa amekuja kucheka, alichukua peni yake kimyakimya na kuifunga tena katika pindo.

"Ichukue, dada," Jumwa alisema. "Ni yako."

Twaiba aliinua macho. Juu ya nyumba mabati mapya yalikuwa yakipiga kelele za jua, tik, tik, kila bati na msumari wake. Jumwa naye akatazama juu. Alimwelewa. Mwuzaji akishakula bei, bidhaa si yake tena. Jumwa mwenyewe ndiye aliyemfundisha Twaiba sheria hiyo pale pale uani, wakicheka. Na paa lililopigiliwa haling'olewi ili likarudishwe dukani.

"Umeinunua," Twaiba alisema. "Ni yako wewe." Akaokota ungo wake, peni ikateleza juu ya mkeka, naye akaendelea kupepeta.

Jumamosi iliyofuata Jumwa alisafiri kama kawaida, akashuka, akakata kichochoroni. Mwishoni mwa kichochoro palikuwa na mlango wa mbao ambao hajapata kuuona umefungwa. Alikuwa hata hajui kwamba una komeo. Nyuma ya mlango alisikia nazi ikikunwa. Akabisha hodi.

"Nani?"

"Mimi, dada. Jumwa."

Nazi ikanyamaza. "Ah. Bi Jumwa. Pitia mbele, tafadhali."

Akazunguka. Twaiba alimfungulia mlango wa mbele akiwa amevaa leso ya kutokea, na marashi. Akamkaribisha sebuleni, akamketisha kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma ambavyo havijawahi kukaliwa. Akamletea soda baridi, bilauri imefunikwa kisahani, na biskuti zimepangwa duara. Kisha yeye mwenyewe akakaa mkabala, magoti pamoja.

"Watu wa Ukunda hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na biashara?"

"Twashukuru."

"Kadzo mzima huko aliko?"

"Mzima. Alipiga simu."

"Alhamdulillahi."

Kule uani nazi ilianza tena kukunwa. Mkono ulikuwa wa Hafsa. Jumwa aliujua kwa pupa yake. Unamwaga nusu, alitaka kusema. Mwambie ainamishe kifuu. Lakini mgeni haulizi mambo ya jikoni. Alikunywa soda yake. Peni ilikuwa kifuani, ndani ya kitambaa. Njia nzima alikuwa akipanga atakavyoiacha chini ya kisahani. Alipokitazama kisahani, aliona kwamba Twaiba naye anakitazama, na kwamba angemkimbilia nayo hadi barabarani na kumwambia, Bi Jumwa, umesahau mali yako.

Akaiacha ilipo. "Dada," alisema, "siku ile mimi nilikuwa…"

Mvua ikashuka. Haikutangulia tone wala upepo. Ilimwagwa yote juu ya mabati kama kokoto zinavyomwagwa kutoka lori, na sebule nzima ikajaa kishindo. Jumwa alimalizia sentensi yake, hakuisikia yeye mwenyewe. Twaiba alimtazama midomo, kisha naye akasema kitu. Kilikuwa kirefu kuliko salamu. Jumwa aliona midomo ikienda, ikisita, ikienda tena, na uso ukilegea kidogo kama ulivyokuwa ukilegea ukumbini chini ya makuti.

Aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio. "Umesemaje, dada?"

Twaiba alitikisa mkono, kwamba si neno, akamsogezea biskuti.